Samaki wa Kuangalia
(Maneno ya mwanachama wetu mkazi wa Gungu, Kigoma, aliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiomba niseme juu ya shughuli za mstaafu, nadhani ilitazamia habari za mihogo au kuku. Mimi mihogo sina. Ninafuga samaki, tena sebuleni, nao si wa kula. Jirani yangu mvuvi alipowaona mara ya kwanza aliuliza kama nasubiri wanenepe. Nilipomjibu kuwa ni wa kuangalia tu, alimtazama mke wangu kwa huruma.

Huko Ulaya wafugaji huwapenda sana samaki wa rangi za upinde wa mvua, ambao asili yao ni Australia na Guinea Mpya. Nilisoma habari zao nikawatamani. Kisha nikajicheka. Naishi mwendo mfupi kutoka ziwa lenye kina cha mita 1,470, lenye aina zaidi ya 200 za samaki wasioonekana penginepo duniani! Basi nikachagua wa kwetu, ambaye wataalamu humwita Lamprichthys tanganicanus. Dume hufika sentimita 15, na ubavuni ana madoa ya buluu yanayowaka kama taa. Jike ni mdogo, hana makuu.

Nilipita kwanza ofisi ya uvuvi kuuliza taratibu, ndipo fundi vioo akaniundia sanduku la lita 200. Lazima liwe na kifuniko, maana samaki hawa huruka.

Kosa langu lilikuwa la maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi za mawe, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Siku moja ndoo za kutoka ziwani zilichelewa, nami nikafungulia mpira wa bomba moja kwa moja, bila kukumbuka klorini inayotiwa kuua vijidudu. Samaki 14 walikufa kabla ya adhana ya alfajiri. Walitolewa ziwani wazima, nikawaua kwa uvivu wa saa moja. Kwa miezi mingi sanduku lilikaa tupu, hata mke wangu akaweka humo viatu vya wajukuu.

Nilipoanza tena nilichukua sita, madume mawili na majike manne. Sikuwagusa kwa wavu, maana magamba yao hubanduka upesi na samaki akafa. Niliwahamisha kwa bakuli, wakiwa ndani ya maji. Maji ya bomba sasa hulala kwanza kwenye pipa wazi. Chakula chao ni viluwiluwi wa mbu, ninaowavuna kila asubuhi kwenye ndoo iliyofunikwa chandarua. (Bwana afya akiwamo humu ukumbini, naomba asiandike.)

Ziwani jike hutaga katika nyufa nyembamba za mawe. Kwa hiyo nilipanga vipande vya vigae, nikiacha kati yake nafasi ya njiti ya kiberiti. Jike hujisogeza kwenye ufa, dume humbana ubavuni, na yai huingia ndani. Vigae vyenye mayai nilivihamishia katika beseni, na baada ya wiki mbili na kitu nikaona vitu kama nyuzi vikiogelea juu ya maji. Nilihesabu 31. Usiku wa tatu umeme ukakatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Mjukuu wangu na mimi tulipokezana kuchota maji kwa kata na kuyamimina taratibu hadi kulipokucha. Walibaki 19.

Tangu hapo kila mvua inyeshapo natazama vilima vilivyokatwa miti, na udongo mwekundu ukishuka ziwani. Tope likiziba nyufa zile, mayai yatatagwa wapi? Ziwani hakuna wa kupanga vigae.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, jirani yangu hakuwa na kazi. Akawa anakuja kila jioni, anakaa kwenye kigoda mbele ya kioo, hasemi neno. Uvuvi ulipofunguliwa nilidhani nimempoteza. Juzi alipiga hodi usiku, ananuka mgebuka, akainama akatazama, kisha akaniuliza kwa ukali:

"Mzee, huyu mdogo wa pembeni mbona leo hajala?"