Mapanki Mbele ya Kamera

Watu wa Mwanza hawajaisahau filamu ya Darwin's Nightmare. Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, aliitoa mwaka 2004, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ilionyesha minofu ya sangara ikisafirishwa kwa ndege kutoka Mwanza kwenda Ulaya, na mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki viwandani, yakianikwa juani yakiwa na funza. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga.

Mabishano yale yalihusu zaidi jina la nchi: je, ndege zile zilileta silaha kweli, kama filamu ilivyodokeza? Je, Ulaya itasusa samaki wetu? Mimi namfikiria mwanikaji wa mapanki. Sisemi alipaswa kufichwa, kwani kazi ile ilikuwepo. Lakini uso wake uliunganishwa na habari za silaha ambazo hakuzisimulia yeye, ukazunguka dunia, naye akabaki palepale na majirani zake. Hasira za wakubwa nazo ziliwafikia wenyeji waliozungumza.

Tutaambiwa waliopigwa picha waliruhusu. Haya, tuitazame ruhusa yenyewe. Gari linaingia kijijini, mgeni ameongozana na mtendaji. Mama anatoa kiti, anaitikia salamu. Kwetu mgeni hafukuzwi. Tena tumelelewa na ile methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone, kwa hiyo kila kamera inaamsha tumaini: huenda tukapata kisima, huenda ada ya mtoto ikapatikana. Karatasi ya kusaini imeandikwa Kiingereza. Hapo mama akisema "sawa, piga", ametimiza wajibu wa mwenyeji. Hajakubali mwanawe mwenye kaptula iliyochanika aje kuonekana ukubwani kwenye simu za wafanyakazi wenzake.

Uingereza wameanza kuliona hili. Oktoba 2020 shirika la Comic Relief lilitangaza kuacha kutuma watu maarufu Afrika kupiga filamu za kuchangisha fedha. Nimefurahi, ila mgeni si lazima atoke Ulaya. Kijana wa Dar es Salaam anayemkabidhi bibi unga huku mwenzake akirekodi ni mgeni vilevile, na bibi atakataaje kupigwa picha unga ukiwa tayari mikononi mwake? Hili linaniuma zaidi, maana kijana huyo anaijua lugha ya bibi na angeweza kumuuliza.

Ninachokiomba kwa vijiji vyetu kinawezekana. Mkutano wa kijiji uelezwe kwa Kiswahili picha zitaonyeshwa wapi, na nani atalipwa. Mhusika apewe siku za kufikiri, mgeni akiwa hayupo. Na filamu ikikamilika irudi kuonyeshwa kijijini kwanza, shuleni au uwanjani, kabla ya kupelekwa kwenye tamasha lolote. Aliyemo akisema "kipande hiki nitoeni", kitolewe.