Maharagwe mabichi ya kusini, bila viazi wala pap

Mapishi ya maharagwe mabichi ya majimbo ya kusini mwa Marekani yanafanana mno na yale ya Afrika Kusini. Kwa mkazi wa Johannesburg aliyeshauriwa kupunguza wanga, chungu hicho kinaweza kuwa msaada mkubwa na wa bei nafuu, ilimradi ajue la kuondoa na la kuchunga.

Soko kuu la mboga na matunda la Johannesburg, lililo katika eneo la City Deep tangu mwaka 1974, huamka kabla ya jiji lenyewe. Jua linapochomoza, wanunuzi wa maduka makubwa na wachuuzi wa kando ya barabara huwa wamekwisha kukutana hapo, na si muda mrefu baadaye magunia na masanduku huanza kusambaa kuelekea Hillbrow, Yeoville, Soweto na Alexandra. Miongoni mwa shehena hiyo hayakosekani maharagwe mabichi, yaani yale maganda membamba ya kijani yanayoliwa mazima kabla punje za ndani hazijakomaa. Wakulima wa Kenya huyaita mishiri.

Mswahili aliyehamia Johannesburg kutoka Mwea au Arusha huenda akashangaa kidogo kuona zao hilo likipewa heshima ya chakula cha nyumbani. Huko kwao limekuwa kwa miaka mingi zao la kupakiwa ndegeni na kupelekwa Ulaya. Mtu hulijua zaidi kwa jasho la kulichuma kuliko kwa ladha yake. Afrika Kusini mambo ni kinyume. Makaburu huyachemsha pamoja na viazi na vitunguu mpaka yalainike kiasi cha kupondwa kwa mwiko, na wakitia nyama ya kondoo hupata mchuzi mzito wanaouita groenboontjiebredie. Katika vitongoji vya Waafrika nako, maharagwe hayo yaliyochanganywa na viazi huonekana mara nyingi katika mlo wa Jumapili unaojulikana kama wa rangi saba, pembeni mwa kuku, wali, maboga na kiazisukari chekundu.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika majimbo kama Georgia, Alabama na Mississippi, kipo chungu kinachokaribia kuwa pacha wa hicho. Huko maharagwe mabichi hupikwa polepole, saa nzima au zaidi, pamoja na kitunguu na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na moshi. Ni upishi wa watu waliokuwa na nyama kidogo: watumwa wa Kiafrika na vizazi vyao, pamoja na wazungu maskini wa mashambani. Kifundo kimoja cha mguu wa nguruwe hakikuwekwa chunguni ili kishibishe. Kiliwekwa ili kinukie, na chungu kizima kionekane kuwa na nyama.

Moto wa muda mrefu nao ulikuwa na sababu yake. Maharagwe ya zamani yalikuwa na uzi mgumu uliopita ubavuni mwa ganda, na hayakulainika kwa kuchemshwa dakika tano. Aina ya kwanza isiyo na uzi inahesabiwa kuwa ile iliyozalishwa na Calvin Keeney wa jimbo la New York mwaka 1894. Uzi ukaondoka, mazoea ya kupika muda mrefu yakabaki, na yamebaki kwa sababu ladha inayopatikana hivyo haipatikani kwa njia ya haraka. Wapishi wa hoteli wanaoyatoa majini yakiwa bado yanakatika kwa sauti mdomoni wana haki ya kufanya hivyo, lakini hicho ni chakula kingine.

Na hapo ndipo mahindi yanapoingia. Mchuzi unaobaki chini ya chungu, wenye mafuta, chumvi na moshi, Wamarekani wa kusini huuchovya kwa mkate wa mahindi. Mkazi wa Soweto huuchovya kwa pap, ambayo kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki ni ugali tu kwa jina la wenyeji. Pande zote mbili za bahari, mboga hii ilizoea kuwa msindikizaji wa mahindi, na kumwambia mtu aache mahindi ni kumwacha na mchuzi usio na mwenzake.

Ushauri wa namna hiyo si mgeni Afrika Kusini. Profesa Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mtaalamu wa sayansi ya michezo ambaye kwa miaka mingi aliwahimiza wakimbiaji kula wanga kwa wingi, aligeuka mwishoni mwa mwaka 2010 na kuanza kuhubiri kinyume chake. Mwaka 2013 yeye na wenzake watatu walitoa kitabu The Real Meal Revolution, na ulaji huo ukajulikana nchini kote kwa jina la Banting, mzishi wa London aliyechapisha habari za kupungua kwake unene mwaka 1863. Ujumbe mmoja alioutuma Noakes kwenye mtandao wa Twitter mwezi Februari 2014, kuhusu chakula cha watoto wachanga, ulimfikisha mbele ya baraza la taaluma za afya. Aliondolewa hatia mwezi Aprili 2017, na rufaa dhidi yake ikashindwa mwezi Juni 2018.

Malumbano hayo yalisikika zaidi katika nyumba zenye uwezo wa kuchagua. Unga wa lozi, nyama ya steki na koliflawa iliyosagwa ikafanana na wali si vyakula vya mtu anayehesabu nauli ya daladala, au ya teksi kama waitavyo huko. Unga wa mahindi hushibisha familia kwa bei ambayo hakuna kingine sokoni kinachoikaribia. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe haukuchagua mitaa. Takwimu za serikali ya Afrika Kusini kuhusu vifo vya mwaka 2016 ziliweka kisukari katika nafasi ya pili miongoni mwa magonjwa yanayoua, nyuma ya kifua kikuu, na kwa upande wa wanawake kilishika nafasi ya kwanza. Tarehe 1 Aprili 2018 serikali ilianza kutoza ushuru vinywaji vyenye sukari. Ugali hautozwi ushuru, wala haitarajiwi utozwe; huo mtu hujipunguzia mwenyewe sahanini.

Mfikirie basi mama wa Yeoville, mzaliwa wa Bukavu au Kigoma, aliyerudi kliniki na karatasi inayomwambia apunguze wanga. Hesabu yake si ngumu. Sahani ya pap ngumu ya gramu 250 humpa takriban gramu 60 za wanga. Viazi hubeba gramu 17 hivi katika kila gramu 100. Maharagwe mabichi yana gramu 7 tu kwa uzito huo huo, na karibu gramu 3 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari katika damu. Asiyachanganye na maharagwe makavu, ambayo ni mmea ule ule lakini punje zilizokomaa zina wanga mwingi zaidi.

Kabla ya kuwasha moto, lipo jambo zito kuliko upishi. Mgonjwa anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vya kundi la glibenklamaidi na gliklazaidi, asikate wanga ghafla bila kuonana na daktari au muuguzi wake. Dozi hizo zilipimwa kwa mtu anayekula ugali. Ugali ukiondoka na dozi ikabaki pale pale, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: mtu hutoka jasho, hutetemeka, hushikwa na njaa ya ghafla, huchanganyikiwa, na asipopewa kitu kitamu upesi anaweza kupoteza fahamu. Dozi inapaswa kurekebishwa sambamba na chakula. Wanaotumia metformini peke yake hawamo sana katika hatari hiyo, lakini nao ni vyema watoe taarifa kliniki.

Sasa chungu. Kwa watu wanne yatosha nusu kilo ya maharagwe mabichi, gramu 100 za bekoni au nyama nyingine ya moshi, nusu ya kitunguu, vitunguu saumu viwili vitatu vya punje, pilipili manga, na maji ya vikombe viwili na nusu. Vichwa vya maganda hukatwa, na kama uzi unatokea huvutwa wote. Maganda marefu huvunjwa mara mbili kwa mkono. Kisu si lazima.

Asiyekula nguruwe hana sababu ya kuzima redio. Katika mabucha ya halali ya Fordsburg, upande wa magharibi wa katikati ya jiji, huuzwa vipande vya nyama ya ng'ombe vilivyotiwa chumvi na moshi ambavyo wenyeji huviita macon. Huko Marekani kwenyewe, Waamerika Weusi wengi siku hizi hutumia shingo au bawa la bata mzinga la moshi. Tofauti ni kwamba nyama hizo hazina mafuta mengi, hivyo kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia hutangulizwa. Bekoni haihitaji: hukatwa vipande vidogo, huwekwa katika sufuria baridi juu ya moto mdogo, na hujitolea mafuta yake polepole mpaka ianze kuwa kahawia.

Kitunguu hufuata, kisha saumu, kisha maharagwe, yageuzwe dakika mbili tatu yapate kung'aa. Ndipo maji hutiwa, yakachemka, moto ukapunguzwa na kifuniko kikawekwa. Chumvi isitiwe hapo. Nyama ya moshi tayari imebeba ya kutosha, na mchemraba wa supu wa dukani, ambao wengi huuongeza kwa mazoea, una chumvi nyingi na mara nyingi wanga pia. Mwenye kisukari mara nyingi ana shinikizo la damu vilevile. Ikumbukwe pia kwamba mwezi Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama za kusindikwa, bekoni ikiwamo, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Gramu 25 kwa mtu, tena kwa siku mojamoja, ni kiungo. Sahani iliyojaa kila asubuhi ni habari nyingine.

Mpishi aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam atagundua kuwa chungu chake kinachelewa. Hajakosea. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Kinachoiva pwani kwa dakika 40 huhitaji huko karibu saa nzima. Wapo wanaotaka kuharakisha kwa kutia magadi. Maharagwe hulainika kweli na kubaki na kijani cha kupendeza, lakini magadi huharibu vitamini na kuongeza sodiamu, kwa hiyo haifai kwa mgonjwa huyu. Nyanya na siki nazo hukaza maganda zikitiwa mapema, zingoje mwisho.

Saa moja ya moto ni umeme, na umeme Johannesburg ni kisa chake chenyewe. Mwaka 2022 na 2023 migao ilikuwa mikali kiasi kwamba familia zilipanga chakula kwa ratiba ya kukatika. Dawa ya zamani ni kapu lililojazwa nyasi au mablanketi. Mwaka 2008, wakati wa migao ya mwanzo, Sarah Collins wa nchini humo aliligeuza wazo hilo kuwa mfuko wa kitambaa uitwao Wonderbag. Sufuria huchemshwa kwa nguvu dakika 20, hufunikwa, huvikwa vizuri na kuachwa saa mbili bila kufunguliwa. Kwa kuwa ndani mna nyama, ni lazima ichemke tena kabla ya kupakuliwa.

Ule mchuzi usio na mwenzake nao unatafutiwa njia. Kifuniko kiondolewe dakika kumi za mwisho, moto upandishwe, maji yakauke mpaka yashikamane na maganda kama mafuta mazito. Kijiko cha siki na pilipili manga hutiwa hapo, kisha mtu huonja kabla ya kugusa kopo la chumvi. Mtu wa pwani anaweza kumimina nusu kikombe cha tui zito wakati huo, na Mkongomani kijiko cha karanga zilizosagwa. Vyote viwili vina mafuta mengi kuliko wanga, na hakuna atakayelalamika kwamba si upishi wa Georgia. Sahani moja itakuwa na takriban gramu 10 za wanga. Viazi vya gramu 300 vingetiwa chunguni, kila sahani ingeongezeka gramu 13 nyingine.

Familia inaweza kula na pap yake pembeni, kutoka chungu kile kile, na hili si dogo: mgonjwa asiyepikiwa chake peke yake huendelea na mlo wake kwa muda mrefu zaidi. Yakibaki, hupoa na kuingia jokofuni mapema. Kesho yake moshi huwa umepenya zaidi, na kwa asiyekula mkate asubuhi, hupashwa moto kikaangoni na kuvunjiwa mayai mawili juu yake.