Kwa Nini Mwaka Huu Tunachangia Usanifu wa Barabara



Kamati ya fedha tumepewa dakika chache tujibu swali moja linaloulizwa sana. Kwa nini mwaka huu tunaomba fedha za upimaji na usanifu wa barabara, badala ya kununua kifusi? Wengine wanasema wamechoka kuchangia makaratasi. Ni haki yao kuuliza, fedha ni zenu.

Wenzetu wanaoishi Kanada walituletea habari za Shoal Lake 40, jamii ya wenyeji wa asili wa Kianishinaabe, mpakani mwa majimbo ya Manitoba na Ontario. Mwaka 1919 mji wa Winnipeg ulianza kupata maji ya ziwa lao kwa mfereji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 150. Ujenzi ule ulikikata kijiji na nchi kavu, kikawa kama kisiwa. Majira ya joto watu walivuka kwa kivuko, na majira ya baridi walipita juu ya barafu. Barafu ilipokuwa nyembamba, mgonjwa na mjamzito hawakuwa na njia salama. Tangu 1997 waliambiwa wasinywe maji yao bila kuyachemsha, huku mjini maji ya ziwa lile lile yakitoka bombani. Mtambo wa kusafisha maji nao ulikwama, kwa kuwa kufikisha vifaa pasipo barabara kulipandisha gharama mno.

Sasa tazameni hesabu. Serikali kuu, jimbo la Manitoba na mji wa Winnipeg waliahidi kila mmoja dola milioni 1 kwa ajili ya usanifu. Ujenzi wenyewe ulikadiriwa kufika dola milioni 30 hivi. Yaani hayo makaratasi yalikuwa kama sehemu ya kumi. Katikati ya 2015 serikali kuu ilikuwa bado haijakubali kulipia ujenzi, na watu walilia hadharani. Desemba mwaka huo huo pande zote tatu zikakubaliana kuugharamia. Juni 2019 barabara ya changarawe ya kilomita 24 ilifunguliwa, wakaiita Barabara ya Uhuru. Septemba 2021 mtambo wa maji nao ukafunguliwa.

Hatusemi usanifu peke yake ndio uliowapa barabara. Walidai kwa miaka mingi. Lakini siku milango ilipofunguka, hawakuanza kutafuta mpimaji.

Turudi nyumbani. Kifusi kisicho na mitaro na makalavati, masika moja tu kinaishia mtoni. Sote tunajua mto ukijaa ni nani anayebebwa kwa machela. Usanifu utatuambia maji yanakatiza wapi, kalavati liwe kubwa kiasi gani, na tuta liinuliwe wapi. Tutaomba wazee wa vitongoji watembee na mpimaji, kwa maana wao wanakumbuka maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi. Usanifu utaonyesha pia ni mashamba ya nani na makaburi ya nani yanaguswa, ili wenyewe waulizwe na wakubali kwa maandishi kabla greda halijawashwa. Mwisho tutapata orodha ya kazi na gharama zake. Hiyo ndiyo tutakayoipeleka halmashauri na TARURA, ambao tangu 2017 ndio wenye dhamana ya barabara za wilaya. Ombi lenye mchoro na gharama hujadiliwa kwenye bajeti. Lisilo navyo hujibiwa kwa maneno mazuri.

Kwa upande wetu tunaahidi mambo matatu. Fedha za usanifu zitakaa kwenye akaunti yake peke yake. Mpimaji atalipwa kwa awamu, kila awamu baada ya kazi kukaguliwa. Na taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa ofisi ya kijiji, aliyetoa shilingi elfu moja aisome sawa na aliyetoa milioni.

Ndugu zetu, kadi za ahadi ziko mezani. Jazeni kiasi mnachoweza kukitimiza kabla ya masika.