Kompaila, Maktaba Sanifu na Uhai wa Zana za Ramani Huria

Mada ya semina ya wachora ramani na waandishi wa programu, Tandale, Kinondoni

Utangulizi

Kata ya Tandale, iliyomo katika Manispaa ya Kinondoni, ina nafasi ya pekee katika historia ya ramani huria nchini Tanzania, kwa kuwa mwaka 2011 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kupita vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS, wakaorodhesha njia na huduma za mtaani, na kuziingiza katika OpenStreetMap, ambayo ni ramani ya dunia inayochorwa na kusahihishwa na yeyote anayejitolea. Kazi hiyo ilifuatwa mwaka 2015 na mradi wa Ramani Huria, uliozikutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Chama cha Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na Humanitarian OpenStreetMap Team, kwa lengo la kuzisaidia kata zinazosumbuliwa na mafuriko. Hayo yamekwisha kuelezwa katika ripoti nyingi, na mada hii haitayarudia.

Jambo lisiloelezwa katika ripoti hizo ni kwamba ramani haiwezi kusomwa wala kuchambuliwa pasipo programu, na kwamba programu iliyoundwa bila matatizo mwaka mmoja inaweza kukataa kuundwa miaka mitatu baadaye, ingawa hakuna aliyegusa hata mstari wake mmoja. Mada iliyoombwa ilihusu programu huria na maendeleo ya jamii kwa ujumla. Ombi hilo linatimizwa hapa kwa ufupi, na sehemu kubwa ya kurasa inaelekezwa kwenye tatizo hilo la pili, ambalo limekula muda mwingi wa wataalamu na fedha kidogo sana za miradi. Hakuna taasisi inayolaumiwa, kwa kuwa kila mradi ulifanya kazi ndani ya bajeti na muda uliopangiwa.

Istilahi

Programu huria ni programu ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi yaliyoandikwa na binadamu, uko wazi kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa. Kompaila ni programu inayogeuza msimbo huo kuwa maagizo yanayotekelezwa na mashine, na iliyo maarufu zaidi katika mifumo ya Linux ni GCC, iliyoanza kutolewa mwaka 1987. Maktaba sanifu ni mkusanyo wa vitendakazi vya msingi ambavyo kila programu huvitegemea, kama vile kufungua faili au kupanga orodha. Kiunganishi ni chombo kinachovikutanisha vipande vilivyokompailiwa ili viwe programu moja. Fafanuzi hizi zinafahamika kwa wengi waliohudhuria, na hakuna haja ya kuzirefusha.

Inabaki istilahi moja inayostahili subira, nayo ni mapatano ya ndani, kwa maana ya makubaliano kuhusu namna vipande viwili vilivyokwisha kukompailiwa vinavyokabidhiana data kumbukumbuni. Mwandishi wa programu hayaoni mapatano haya katika msimbo wake, kwa sababu yamo katika uamuzi wa kompaila na maktaba sanifu. Msimbo unaweza kuwa sahihi kabisa, kila kipande kikakompailiwa salama peke yake, na bado vipande hivyo vikashindwa kukaa pamoja, kama nati ya inchi inavyoikataa bolti ya milimita ingawa zote ni nzima.

Tatizo lenyewe

Aina ya kwanza ya tatizo inatokana na mapatano ya ndani. Mwaka 2015, ambao ndio mwaka ulipoanza mradi wa Ramani Huria, GCC ilitoa toleo la 5, lililobadilisha umbo la ndani la aina mbili za data za lugha ya C++, yaani mfuatano wa herufi na orodha, ili kutii kiwango cha lugha hiyo kilichopitishwa mwaka 2011. Watunzaji wake hawakulifuta umbo la zamani, bali waliyaweka maumbo yote mawili ndani ya maktaba moja, wakayatofautisha kwa kuingiza alama ya __cxx11 katika majina ya vitendakazi, na wakaacha swichi ya kuchagua lipi litumike. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini matokeo yake kwa mtumiaji wa kawaida yalikuwa ya kutatanisha: aliyehama kutoka Ubuntu 14.04, iliyokuja na GCC 4.8, kwenda Ubuntu 16.04, iliyokuja na GCC 5, kisha akajaribu kuunganisha maktaba ya zamani na programu mpya, aliambiwa na kiunganishi kwamba kitendakazi fulani hakipo, hali faili lenye kitendakazi hicho liko mbele ya macho yake.

Zana kuu za ramani haziwezi kulikwepa jambo hili. QGIS, ambayo ni programu ya ramani inayofundishwa vyuoni, imeandikwa kwa C++, na chini yake kuna GDAL inayosoma miundo mbalimbali ya faili za ramani, GEOS inayokokotoa maumbo, na PROJ inayobadilisha majira, yaani namba zinazoonyesha mahali, kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kipande kimoja kikikompailiwa kwa umbo la zamani na kingine kwa umbo jipya, kazi inaweza kusimama, na mwanafunzi huambiwa kwamba mashine yake ni mbovu.

Aina ya pili ya tatizo inatokana na glibc, ambayo ni maktaba sanifu ya lugha ya C katika sehemu kubwa ya mifumo ya Linux. Maktaba hii huandika namba ya toleo kwenye kila kitendakazi, na hutunza vitendakazi vya zamani kwa uangalifu mkubwa, hivyo programu ya zamani kwa kawaida hufanya kazi kwenye mfumo mpya. Kinyume chake hakina hakikisho. Toleo la 2.34, lililotolewa Agosti 2021, liligusa hata kitendakazi kinachoanzisha programu, kwa hiyo programu ndogo kuliko zote ikikompailiwa kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, kisha ikabebwa kwa flashi hadi kwenye laptopu yenye Ubuntu 20.04, ambayo ina glibc 2.31, itakataa kuanza na kudai GLIBC_2.34. Mahali ambapo laptopu nyingi ni za mtumba na kusasisha mfumo mzima humaliza bando la mwezi, kubeba programu kwa flashi ndiyo njia ya kawaida, na hapo ndipo kikwazo hiki huuma.

Aina ya tatu ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuitibu na inayoongoza kwa kutibiwa vibaya. Msimbo wa C++ unapohitaji kitu kutoka maktaba sanifu, unapaswa kutaja faili la kichwa, yaani faili linalotangaza kitu hicho. Kwa miaka mingi waandishi walisahau kutaja baadhi ya mafaili hayo na kompaila haikulalamika, kwa kuwa faili moja lilikuwa likiliingiza jingine kimyakimya. GCC 11, iliyotoka mwaka 2021, ilipunguza uingizaji huo, na GCC 13 ya mwaka 2023, ambayo ndiyo iliyomo katika Ubuntu 24.04, iliupunguza zaidi, hasa kwa faili la <cstdint> linalotangaza namba kamili za ukubwa maalumu. Programu iliyoundwa kwa muongo mzima ikaanza kutoa kurasa kadhaa za makosa yanayosema kwamba uint32_t haijatangazwa. Dawa yake ni mstari mmoja juu ya faili: #include <cstdint>. Mstari huo unakubalika kwa kompaila mpya, na kwa zile za zamani zinazofuata kiwango cha mwaka 2011.

Badala ya mstari huo, kinachofanyika mara nyingi ni kurudisha kompaila ya zamani kwenye mashine. Mashine ya kwanza inapona, ya pili inafanyiwa hivyo hivyo, na baada ya muhula mmoja darasa lina mashine ambazo hakuna mbili zinazofanana. Kwa upande wa GCC 14 ya mwaka 2024, iliyogeuza kuwa makosa kamili mambo ambayo katika lugha ya C yalikuwa yakionywa tu, kama kuita kitendakazi kisichotangazwa, wengi huzima onyo kwa swichi na kuendelea. Haifai kuyaita hayo matengenezo. Onyo lilikuwa la kweli tangu mwanzo, na kuzimwa kwake kunampelekea mtu mwingine deni.

Lipo tendo jingine baya zaidi, ambalo limezoeleka kiasi cha kufundishwa kama ujuzi. Programu inapodai toleo fulani la maktaba, fundi hutengeneza kiungo bandia, yaani jina la faili linaloelekeza kwenye toleo tofauti, ili programu idhani imepata ilichotaka. Namba iliyo mwishoni mwa jina la maktaba iliwekwa na watunzaji kwa makusudi ya kuzuia jambo hilo hilo. Programu iliyodanganywa namna hii pengine huanguka papo hapo, na hiyo ndiyo heri, kwa sababu pengine huendelea na kutoa majibu.

Uzito wa majibu ya aina hiyo unaonekana vizuri katika PROJ. Toleo lake la 6, la Machi 2019, lilianza kudai kompaila inayofuata kiwango cha C++ cha mwaka 2011 na likahamishia taarifa za mifumo ya majira kwenye hifadhidata moja. GDAL 3.0, iliyofuata Mei mwaka huo, iliifanya PROJ 6 kuwa sharti, na ikaanza kuheshimu mpangilio rasmi wa majira, ambamo latitudo hutangulia longitudo katika mfumo wa EPSG:4326. Skripti iliyoandikwa kabla ya hapo kwa kudhani kwamba longitudo ndiyo ya kwanza inaweza kubadilisha nafasi hizo bila kutoa kosa lolote. Tandale, iliyopo karibu nyuzi 6.8 kusini na 39.2 mashariki, ikipinduliwa hivyo huangukia magharibi mwa Hispania. Upotofu huo angalau unachekesha na unaonekana. Ule wa pili hauonekani: ramani nyingi za upimaji wa ardhi nchini zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na ubadilishaji wake kwenda mfumo wa satelaiti wa WGS 84 ukifanywa bila vigezo vyake, nafasi husogea kwa mamia ya mita. Katika kata iliyobanana kama Tandale, umbali huo unatosha kuiondoa nyumba kando ya Mto Ng'ombe na kuiweka mahali panapohesabiwa kuwa salama na mafuriko.

Ni kweli kwamba makontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na maktaba zake zote, hupunguza adha hii, na OpenDroneMap, inayounganisha picha za droni kuwa ramani, husambazwa zaidi kwa njia hiyo. Hata hivyo kifurushi chake ni cha mamia ya megabaiti na zaidi, na yeye anayeunda kifurushi bado anakutana na kompaila ile ile. Tatizo limehamishwa kwa mtu mwingine, ambaye kwa kawaida hayuko Kinondoni.

Mapendekezo

Inapendekezwa, bila kuingilia mamlaka ya taasisi husika, kwamba kila mradi wa ramani unaotumia programu zilizoundwa upya uambatanishe katika ripoti yake ukurasa mmoja unaotaja toleo la mfumo endeshi, la GCC, la glibc, la GDAL na la PROJ. Amri mbili, gcc --version na ldd --version, zinatosha kuanzia.

Inapendekezwa kwamba tatizo la faili la kichwa litibiwe katika msimbo chanzo na si kwenye mashine, na kiraka chake, yaani badiliko dogo lililoandikwa rasmi, kitumwe kwa watunzaji wa programu. Uwezo huo haupungui nchini: mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu kubwa ya ofisi, kazi nzito mara nyingi kuliko kuongeza mstari wa #include. Kilichopungua ni mazoea ya kutuma.

Programu inayokusudiwa kubebwa kwa flashi iundwe kwenye mfumo wa zamani kuliko yote itakayokutana nayo, kwa kuwa glibc huvumilia upande mmoja tu. Pale inapokuwa lazima kutumia maktaba ya kabla ya GCC 5 ambayo msimbo wake haupatikani, swichi ya umbo la zamani itumike kwa mradi mzima, kamwe isitumike kwa faili moja moja. Msimbo unapopatikana, maktaba zote zikompailiwe upya kwa kompaila moja, kuanzia PROJ na GEOS, kisha GDAL, na QGIS mwishoni.

Vyuo vinashauriwa kufundisha kusoma makosa ya kompaila kuanzia la kwanza, kwa sababu yale yanayofuata mara nyingi ni matokeo ya hilo la kwanza, na mwanafunzi anayeanzia chini ya ukurasa hupoteza siku nzima. Vinashauriwa pia kuweka ndani ya mtandao wao nakala ya vifurushi vya Ubuntu, ili kusasisha mfumo kusitegemee bando la mwanafunzi.

Wafadhili wanaombwa kutenga fungu la matunzo linaloendelea baada ya mradi kufungwa. Programu inayokabidhiwa leo itakutana na kompaila mpya ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa GCC hutoa toleo kuu kila mwaka, na hakuna ajabu katika hilo inayohitaji kamati kuundwa ili kuichunguza. Ukurasa wa matoleo uliotajwa hapo juu uwe sharti la malipo ya mwisho.

Skripti zote zilizoandikwa kabla ya mwaka 2019 zijaribiwe kwa alama zinazojulikana kabla ya kutumika katika uchambuzi wa mafuriko, na alama mojawapo iwe na majira yake katika Arc 1960. Viungo bandia vya maktaba viondolewe kwenye mashine zote za mafunzo, na anayevitengeneza atakiwe kuandika sababu, toleo lililodaiwa na toleo lililowekwa, katika ukurasa ule ule wa matoleo.