Kuijua Tanzanaiti kwa Vipimo: Sifa za Kimaumbile na za Kimwanga za Kito cha Bluu cha Manyara

Mada kwa semina ya wachimbaji wadogo, mafundi vito na walimu wa sayansi wa wilaya za Mbulu na Hanang

1. Utangulizi



Vijana wengi wa Dongobesh, Haydom, Katesh, Basotu na Endasak wamepita Mererani kutafuta riziki. Wapo walioingia mashimoni kama wanaapolo, yaani wachimbaji wa chini ya ardhi, wapo waliochekecha vifusi, wapo walioonja udalali. Wengi wamerudi nyumbani wakijua uchungu wa kazi ile kuliko wanavyolijua jiwe lenyewe. Wameona vipande viwili vyenye uzito sawa, kimoja kikauzwa kwa bei mara nyingi ya kingine, na hakuna aliyewaeleza sababu.

Mada hii inaieleza sababu hiyo. Bei ya tanzanaiti haitoki hewani. Inatokana na sifa ambazo zinaweza kuonekana, kupimwa na kuandikwa, na asiyeweza kuzipima hulazimika kukubali neno la anayeweza. Ndiyo maana kila sifa nitakayoitaja nitaifungamanisha na uamuzi mmoja wa kazi: kulishika jiwe, kulichoma, kulikata au kuliuza.

2. Chimbuko la jiwe

Tanzanaiti ilianza kujulikana mwaka 1967 katika vilima vya Lelatema, karibu na Mererani, ambako leo ni Wilaya ya Simanjiro katika mkoa wetu wa Manyara. Serikali imemtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Mwaka huohuo Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyependa kutafuta madini, naye alisajili maeneo ya uchimbaji. Jina la biashara lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya Tiffany & Co. ya New York. Hadi leo, sehemu pekee duniani inayojulikana kuwa na tanzanaiti ya kuchimbwa kibiashara ni ukanda mwembamba wa Mererani, wenye vitalu A, B, C na D, uliozungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 mwaka 2018.

Miamba ya ukanda huo ilipikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana. Ndani yake mna madini ya kinywe kwa wingi, na ndiyo maana mwanaapolo hutoka shimoni akiwa mweusi tii. Miamba hiyohiyo ndiyo iliyotoa vanadi, elementi inayolipatia jiwe rangi yake.

Hapa Hanang swali haliishi: je, mlima wetu hauna tanzanaiti? Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano. Lava na majivu yake ni machanga mno yakilinganishwa na miamba ya Lelatema, na hayakupitia mkandamizo ule. Hauna mazingira ya kuzaa tanzanaiti. Uwanda wa juu wa Mbulu una miamba ya kale zaidi, na upande wa Ziwa Manyara, eneo la Mayoka, zumaridi na aleksandraiti zimewahi kuchimbwa. Kwa hiyo utafiti katika eneo letu una maana, mradi tu kila jiwe lipimwe kabla ya kupewa jina.

3. Sifa za kimaumbile

3.1 Muundo

Tanzanaiti ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti, yaliyopewa jina hilo mwaka 1805 kutokana na vipande vilivyopatikana Austria. Imeundwa kwa kalisi, alumini, silikoni, oksijeni na hidrojeni. Zoisaiti nyingi duniani ni ya kijivu au kijani. Longido, kwa mfano, iko ya kijani yenye yakuti nyekundu ndani yake. Ya Mererani ikawa ya bluu kwa sababu atomu chache za vanadi zilichukua nafasi za alumini ndani ya fuwele. Fuwele hiyo ina mihimili mitatu inayokutana kwa pembe mraba, lakini mpangilio wa atomu katika kila mhimili ni tofauti. Naomba jambo hilo likumbukwe, kwani ndilo linalozaa maajabu ya rangi tutakayoyaona katika sehemu ya nne.

3.2 Ugumu na mpasuko

Katika skeli ya Mohs yenye ngazi 10, tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7. Kwatzi ina 7, yakuti samawi, ambayo wafanyabiashara huiita safaya, ina 9, na almasi ina 10. Vumbi la barabara zetu lina chembe nyingi za kwatzi. Kwa hiyo ukiipangusa pete ya tanzanaiti kwa kitambaa kikavu chenye vumbi, unaikwaruza. Isafishwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi laini.

Ugumu si uimara. Tanzanaiti ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi na kuacha uso bapa. Pigo dogo la nyundo upande huo linaweza kugawa jiwe la thamani kubwa kuwa vipande visivyofaa kukatwa. Kwa sababu hiyo jiwe lisigongwe ili kulitoa katika mwamba, bali mwamba ndio uondolewe taratibu kulizunguka. Mawe yasichanganywe katika mfuko mmoja. Kila moja lifungwe peke yake. Sonara alitoe jiwe kwenye pete kabla ya kulehemu, na asilitie katika mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti wala kwa mvuke, kwa kuwa mtikisiko na mabadiliko ya ghafla ya joto hulipasua.

3.3 Uzito mahususi

Hiki ndicho kipimo ambacho kila kikundi kinaweza kukifanya kijijini. Uzito mahususi wa tanzanaiti ni takriban 3.35, yaani jiwe lina uzito mara 3.35 ya maji yenye ujazo uleule. Unahitaji mizani ya kielektroniki inayosoma hadi gramu 0.01, kikombe cha maji na uzi mwembamba.

Pima jiwe likiwa kavu. Tuseme limesoma gramu 6.70. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Lining'inize jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kuta wala sakafu ya kikombe. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Tuseme ni gramu 2.00. Gawanya 6.70 kwa 2.00, unapata 3.35. Ukipata 2.65, huenda una kwatzi mkononi. Ukipata 4.00, huenda ni yakuti samawi.

Mambo mawili huharibu kipimo hiki: viputo vya hewa vilivyonata kwenye jiwe, na mabaki ya mwamba au kinywe, ambayo hushusha jibu kwa kuwa kinywe ni chepesi. Jiwe lisafishwe kwanza. Jiwe la chini ya gramu moja lipimwe mara kadhaa, kwani kosa dogo la mizani hapo huwa kubwa katika jibu.

4. Sifa za kimwanga

4.1 Mpindo wa mwanga

Mwanga ukiingia katika tanzanaiti hupungua mwendo na kupinda. Kipimo cha mpindo huo ni kati ya 1.69 na 1.70, yaani ndani ya jiwe mwanga husafiri takriban kilomita 177,000 kwa sekunde badala ya karibu 300,000. Kifaa kiitwacho rifraktomita husoma kipimo hiki kwenye uso uliosuguliwa, na humaliza ubishi mwingi kwa dakika chache.

Kwa mkataji, namba hiyo ina kazi nyingine. Mwanga uliomo ndani ya jiwe ukifika kwenye uso kwa pembe inayozidi nyuzi 36 hivi kutoka mstari wima wa uso huo, haupiti, hurudishwa ndani. Nyuso za chini zikikatwa kwa mwinamo wa kutosha, mwanga hurudi kwa mtazamaji na jiwe hung'aa. Zikiwa bapa kupita kiasi, mwanga huvujia chini na katikati ya jiwe hubaki dirisha jeupe lisilo na rangi. Mawe mengi yaliyokatwa kwa tamaa ya kutunza uzito yana kasoro hiyo. Liweke jiwe juu ya maandishi: ukiweza kuyasoma kupitia katikati yake, limekatwa vibaya.

4.2 Rangi tatu ndani ya jiwe moja

Sifa kuu ya tanzanaiti ni pleokroizimu: jiwe moja huonyesha rangi tofauti kwa kadiri ya upande unaolitazama. Kila mhimili wa fuwele hunyonya sehemu yake ya mwanga, hivyo kinachobaki hakifanani. Jiwe ambalo halijachomwa huonyesha bluu upande mmoja, urujuani upande wa pili, na kahawia, njano au kijani upande wa tatu. Lililochomwa hubaki na bluu na urujuani tu.

Uamuzi wa mkataji unaanzia hapa. Akiuelekeza uso wa juu kwenye mhimili wa bluu, kwa kawaida hupoteza uzito zaidi lakini hupata rangi inayotafutwa sana sokoni. Akifuata urujuani, mara nyingi hupata jiwe kubwa zaidi lenye bei ndogo kwa karati. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo gramu moja ni karati 5. Kabla ya jiwe kukatwa, mwenye jiwe aulize: litaelekezwa wapi, na litabaki karati ngapi? Ajibiwe kwa maandishi.

Ili kuiona sifa hii si lazima kununua daikroskopu, kifaa cha kutazamia rangi hizo. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta mpakato. Mwanga wa skrini yake huwa umechujwa na hutikisika katika uelekeo mmoja. Shika jiwe mbele ya skrini, lizungushe polepole kama akrabu ya saa, kisha badilisha upande na urudie. Tanzanaiti itahama kutoka bluu hadi urujuani na kurudi. Kioo cha rangi, spineli na zirkonia ya kiwandani hazitabadilika hata kidogo. Walimu wenzangu, hili ni jaribio la fizikia linaloweza kufanyika darasani Mbulu kesho asubuhi.

4.3 Aina ya mwanga

Tanzanaiti huelekea bluu mchana na huelekea urujuani chini ya balbu yenye mwanga wa njano. Ukubwa nao una sehemu yake: jiwe dogo au jembamba huonekana limepauka kwa sababu mwanga hupita safari fupi ndani yake. Kwa hiyo makubaliano ya bei yafanyike mchana, kivulini, jiwe likiwa juu ya karatasi nyeupe. Anayesisitiza kununua usiku kwa tochi amejichagulia mwanga unaomfaa yeye.

4.4 Kuchoma

Tanzanaiti nyingi sana iliyoko sokoni imechomwa. Kwenye joto la takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, rangi ya kahawia hutoweka na bluu hujitokeza. Badiliko hilo ni la kudumu. Halipauki kwa jua wala kwa miaka. Kuchoma ni sehemu halali ya biashara, na mnunuzi ana haki ya kuelezwa.

Hatari iko katika namna ya kuchoma. Jiwe lenye nyufa au chembe ngeni ndani yake linaweza kupasuka. Litazamwe kwanza kwa lenzi inayokuza mara 10, sehemu mbovu ziondolewe, kisha joto lipandishwe na kushushwa polepole katika tanuri lenye kipimajoto. Jiko la mkaa halina udhibiti huo.

5. Mawe yanayofanana nayo

Aiolaiti nayo ina rangi tatu, lakini uzito mahususi wake ni karibu 2.6 na mpindo wake ni kama 1.54. Yakuti samawi ina uzito mahususi wa 4.00 na mpindo wa 1.76 hadi 1.77. Spineli inafika 3.60 na haina pleokroizimu. Fosteraiti inayotengenezwa maabara hutumika kuiga tanzanaiti. Uzito wake mahususi ni karibu 3.2, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Hiyo hukamatwa kwa lenzi: ukitazama kupitia juu, kingo za nyuso za chini huonekana maradufu waziwazi. Baadhi ya tanzanaiti halisi hupakwa utando wa rangi, na lenzi huonyesha mikwaruzo yenye rangi hafifu kwenye kingo.

Kanuni ni hii: jiwe lisihukumiwe kwa kipimo kimoja. Vipimo vitatu vikikubaliana, unaweza kusema kwa uhakika.

6. Uzito, sifa na bei

Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer wa Simanjiro aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Ukigawanya, unapata takriban shilingi 539,000 kwa gramu. Wapo wanaodhani hiyo ndiyo bei ya gramu ya tanzanaiti yoyote. Sivyo. Mthamini huangalia kina cha rangi, usafi wa ndani, nyufa, umbo na kiasi kitakachobaki baada ya kukata. Gramu moja safi ya bluu iliyoiva inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko rundo la mawe yaliyopasuka. La kujifunza kwa Laizer ni njia aliyopita: mawe yalipimwa, yakathaminiwa na kuuzwa hadharani.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila kikundi cha wachimbaji wadogo kiwe na mizani ya gramu 0.01, lenzi ya mara 10 na daftari. Kila jiwe liandikiwe tarehe, uzito, uzito mahususi, rangi za pande zake tatu na hali ya nyufa kabla halijatoka mikononi mwa kikundi.

Pili, halmashauri za Mbulu na Hanang, katika fedha zinazotengwa kwa vijana, zifikirie kuwapeleka wachache kusomea utambuzi na ukataji wa vito katika Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha, kwa sharti kwamba watarudi kufundisha wenzao.

Tatu, jiwe lolote lisilojulikana linalopatikana katika wilaya zetu lipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, likiwa na maelezo ya mahali lilipotoka. Mauzo yafanyike katika masoko rasmi ya madini.

Nne, shule za sekondari zitumie vito vya mkoa wetu kufundishia mpindo wa mwanga, densiti na fuwele. Mwanafunzi wa Hanang anayefundishwa kanuni ya Archimedes kwa jiwe la Manyara anapata somo na ujuzi wa kazi kwa pamoja.

8. Hitimisho

Dunia nzima inakuja Manyara kuitafuta tanzanaiti, na haina pengine pa kwenda. Nguvu hiyo haitatufaa kama tutaendelea kutoa mikono ya kuchimba huku macho ya kupima yakitoka kwingine. Vipimo nilivyovieleza havihitaji mtaji mkubwa wala shahada. Vinahitaji utulivu, uaminifu katika kuandika, na kukataa kuuza jiwe ambalo hujalipima. Naomba tuanze na meza ya mazoezi iliyoandaliwa hapa ukumbini: kila mshiriki apime angalau jiwe moja kabla ya kuondoka.