Nkambo, Mama wa Utani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya waamini katika yubile ya parokia)



Katika yubile hii mmekwisha kusikia habari za wale walioleta Injili katika nchi hii ya Tanganyika: Mapadri Weupe, waliopokea kituo cha Mpala mwaka 1885, wakaanzisha misioni ya Kirungu mwaka 1893, iliyoitwa wakati ule Baudouinville. Mmesikia pia habari za Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi mpya kupata upadri, tarehe 21 Julai 1917. Majina yao yameandikwa katika vitabu. Mimi nimeombwa kusema juu ya mtu ambaye hakuandikwa popote ila katika daftari la ubatizo, yaani mama wa mama yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Nkambo.

Mnajua kwamba desturi zetu zimeweka heshima na woga kati ya mzazi na mtoto, lakini kati ya nyanya na mjukuu zimeweka utani. Nkambo aliniita "mume wangu" tangu siku ambazo sijavaa suruali. Kila mwaka, mvua ilipokaribia, alisimama mbele ya nyumba akiwalalamikia wapita njia kwamba mume wake ni mvivu, kwamba nyasi za paa zimeoza, na kwamba kesho atakwenda kumshitaki kwa padri. Watu walimhurumia yeye, mimi wakanikemea.

Alipenda sana kusimulia siku ile ya upadrisho wa mwaka 1917. Mara ya kwanza alituambia kwamba aliiona akiwa mgongoni mwa mama yake. Mwaka wa pili alikuwa amekwisha kushuka mgongoni, akawachotea wageni maji. Nilipofika darasa la sita, alikuwa amewapikia bukari mapadri wote. Tukamwuliza: "Nkambo, mtoto wa mgongoni anapikaje bukari?" Akajibu bila kukawia: "Ndiyo maana ilikuwa na mabonge."

Lakini msifikiri kwamba mzaha wake ulikuwa wa kupitisha saa tu. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960 alifika kwetu padri kijana kutoka Ulaya. Siku alipohubiri kwa Kiswahili mara ya kwanza, alitaka kurudia maneno ya malaika: "Msiogope!" Ulimi ukamteleza, akatangaza mara tatu kwa sauti kubwa: "Msioge!" Kanisa zima lilinyamaza kwa heshima. Siku ya Jumatano Nkambo akaenda misioni pamoja na wanawake wenzake, wakiwa na udongo wa shamba mpaka magotini, akasema: "Padri, tangu siku ya Mungu tumekutii. Lakini waume zetu wanauliza amri hii itakwisha lini." Padri hakufahamu, hata katekista alipomnong'oneza sikioni. Ndipo alipocheka mpaka akaketi chini kwenye ngazi za baraza. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alikuja na karatasi yake chini ya mwembe wa Nkambo, akamsomea mahubiri kabla ya kutusomea sisi. Hakuna mtu mwingine aliyethubutu kumsahihisha padri. Heshima ilitufunga vinywa.

Mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya ubatizo, karani alikuja kijijini kuandika majina mapya. Nkambo alimwambia: "Langu ni la Kiafrika kabisa. Andika: Nimechoka-Kuulizwa." Karani akaandika. Kadi ile aliitunza pamoja na rozari yake, akamwonyesha kila mgeni. Kanisani aliendelea kuitika kwa jina alilopewa pamoja na maji.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo hasa nataka mlikumbuke. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimefutwa. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa ameficha katika chungu fedha zote za ndakala alizouza, nazo zikawa karatasi. Mama huyo alikuwa na haya nyingi. Waliomletea chakula aliwarudisha, akisema hajawa ombaomba.

Basi jioni moja Nkambo akaenda kwake na ubao wa kisolo. Mchezo ule kwetu ni wa wanaume, lakini wanaume wote wa kijiji alikuwa amekwisha kuwashinda, hata wakawa wakimkimbia. Akamwambia mjane: "Tucheze, na atakayeshindwa alipe bakuli la unga." Akashindwa. Kesho yake akashindwa tena. Miezi ikapita, Nkambo akishindwa kila jioni na kupiga kelele njiani: "Mwizi yule! Atanimalizia ghala!" Watu wakasema kwamba uzee umemwondolea akili. Mambo yakaendelea hivyo mpaka mihogo ya mjane ilipokomaa shambani, na siku hiyo Nkambo akasema amechoka na kisolo.

Alipofariki, mjane yule alisimama kaburini, akasema: "Mimi kisolo sijui kukicheza. Nilitambua tangu jioni ya kwanza. Lakini kama ningemwambia, ningemharibia furaha yake." Tulilia na kucheka pamoja, na padri aliyekuwa akizika alifunga kitabu kwa muda, akangoja.

Ndugu zangu, tunajua kutoa sadaka, na jambo hilo ni jema. Lakini mara nyingi tunatoa kwa namna inayomwinamisha kichwa yule anayepokea. Nkambo alitafuta njia ya kumlisha mwenzake bila kumwondolea heshima, akakubali yeye mwenyewe kuonekana mjinga. Wala mjane hakuwa mpokeaji tu: kila jioni naye alimpa Nkambo zawadi ya kunyamaza.

Leo wako nyanya wengi katika viti vya mbele. Vijana, kabla chakula hakijagawanywa, kila mmoja akaketi karibu na mmojawapo, amwulize alifanya nini alipokuwa na nguvu. Mkisikia uongo kidogo ndani yake, vumilieni.

Mungu ampe Nkambo raha ya milele. Na ikiwa amekutana huko na Padri Kaoze, bila shaka wamekwisha kupatana juu ya ile bukari.