Kombe la Sabuni



Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania kombe la kandanda lililoitwa Gossage. Jina hilo ni la kiwanda cha sabuni cha Uingereza, ndicho kilichotoa kombe hilo. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Watu walishangilia, wengine wakalia kwa ajili yake. Lakini mwaka 1966 lilichezwa kwa mara ya mwisho, na mwaka uliofuata mashindano mengine yakashika mahali pake. Leo ukimwuliza kijana habari za Gossage, huenda asikujibu neno.

Wapenzi, nasi tunalo jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita vijana wa makanisa mawili ya mtaa wetu walicheza fainali ya Pasaka. Bao la mwisho lilibishaniwa sana. Sisi tulikuwa tumesimama karibu na lango, tukaona wazi kijana wetu akiusukuma mpira kwa mkono. Refa hakuona. Tulipoulizwa, tukanyamaza, kwa kuwa kombe lilikuwa linakuja kwetu. Tangu siku ile makanisa hayo mawili hayakusalimiana vema. Hata mazishini watu walikaa mbalimbali.

Na kombe lenyewe? Tulilikuta katika stoo ya kanisa, limeshika kutu, fundi ametia misumari ndani yake.

Tulilichukua, tukapanda mlima kwa miguu mpaka kwa ndugu zetu, tukawaambia kweli yote. Mzee mmoja wa kanisa akatutazama kwa muda, akasema, “Tulijua kwamba mliona. Tulikuwa tukingoja mseme tu.” Kisha akaagiza tuletewe chai.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 9:25, alikumbusha kwamba wanamichezo hujinyima mengi kwa ajili ya taji la kuharibika, bali sisi twaitazamia lisiloharibika. Naye nabii Yeremia, sura ya 2 mstari wa 22, alionya kwamba mtu ajapojiosha kwa sabuni nyingi, uovu wake hubaki mbele za Mungu. Kiwanda cha sabuni chaweza kutoa kombe. Hakiwezi kuisafisha dhamiri ya aliyelitwaa kwa hila. Damu ya Yesu peke yake yaweza, nayo huanzia pale tunapokubali kusema, “Tumekosa.”

Je, msikilizaji, ni nani anayekungoja useme? Usingoje mpaka kombe lishike kutu. Nenda leo.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kuungama, na miguu ya kuwaendea wale tuliowakosea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.